Maumivu ya Kisigino Nakuru: Mfupa, Maji, Viatu au Kazi?

Kisigino ndicho hutangulia kugusa ardhi karibu kila mtu mzima anapotembea. Mfupa wake, ulio mkubwa kuliko mifupa yote ya wayo, hupokea kishindo kinachozidi kidogo uzito wa mwili mzima kwa kila hatua. Mtu akikimbia, kishindo hicho hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Chini ya mfupa kuna pedi ya mafuta yenye unene wa kati ya sentimita moja na mbili, iliyogawanywa vijumba vijumba kwa nyuzi imara ili mafuta yasisambae yanapokandamizwa. Upande wa ndani wa mfupa ndipo unapoanzia ukanda mgumu unaopita chini ya wayo hadi vidoleni na kuushika upinde wa mguu usilale. Nyuma imejishikiza kano nene kuliko zote mwilini, inayokiunganisha kisigino na misuli ya shavu la mguu.

Maumivu mengi ya kisigino huanzia katika mojawapo ya sehemu hizo nne, na zaidi katika ukanda wa wayo. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya kumi hupatwa na tatizo la ukanda huo wakati fulani maishani, hasa akiwa na miaka 40 hadi 60. Katika Nakuru na miji inayoizunguka, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro na Molo, maelezo ya chanzo chake ni mengi na hayapatani. Wapo wanaosema mfupa umeota. Wapo wanaoyalaumu maji yaleyale yanayoyatia meno rangi ya kahawia. Wengine hutaja gauti na nyama choma, wengine baridi ya sakafu ya saruji, wengine viatu vya mitumba. Tofauti hizi zina gharama: aliyeamini mfupa umeota hutafuta wa kuukata, aliyeamini gauti huacha nyama na kumeza vidonge, na aliyeamini maji huanza kununua ya chupa. Kila mmoja huweza kutumia pesa nyingi bila kugusa chanzo.

Maumivu yasiyo ya aina moja

Dalili ya ukanda wa wayo inatambulika kwa urahisi. Mtu huamka, hushuka kitandani, na hatua za kwanza humchoma chini ya kisigino upande wa ndani. Baada ya dakika chache za kutembea maumivu hupungua, kisha hurudi jioni baada ya kutwa ya kusimama, au mtu anaponyanyuka kutoka kiti cha matatu baada ya safari ndefu. Sababu ni kwamba usiku wayo hulala ukielekea chini na ukanda hujikunja. Hatua ya kwanza huuvuta ghafla.

Maumivu yaliyo katikati kabisa ya kisigino, yasiyo na utaratibu huo wa asubuhi na yanayozidi kwenye sakafu ngumu, huelekeza kwenye pedi ya mafuta, ambayo hupungua unene kadiri umri unavyosonga. Yaliyo nyuma, yanayozidi mtu akipanda mlima, ni ya kano. Mwako na ganzi vinavyosambaa hadi vidoleni ni vya mshipa wa fahamu uliobanwa karibu na kifundo. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya kucheza mpira mara nyingi ana muwasho katika sehemu ya mfupa ambayo bado inakua, hali inayokwisha yenyewe mfupa ukikomaa. Kuna pia ufa mwembamba wa mfupa unaowapata walioongeza mwendo ghafla, mfano kuruta wa wiki za kwanza za mazoezi ya kijeshi; kisigino chao huuma kikibanwa pande zote mbili kwa viganja. Funza na magaga huonekana kwa macho na havihitaji mjadala mrefu, ingawa ufa mrefu wa magaga humfanya mtu akanyage kwa upande na kuleta maumivu mapya.

Kuhusu gauti, yaani jongo, hoja ni nyepesi. Ugonjwa huo hupenda kiungo cha kidole gumba cha mguu: huvimba, hung'aa kwa wekundu na kuuma hata kwa kuguswa na shuka. Kisigino huguswa mara chache. Kipimo cha damu kinachoonyesha asidi ya yuriki iko juu hakitoshi, kwa kuwa watu wengi wana kiwango hicho na hawapati jongo kamwe. Ugonjwa wa viungo unaostahili kukumbukwa zaidi ni ule wa uti wa mgongo unaowaanza vijana: visigino vyote viwili huuma na kiuno hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Mwenye dalili hizo anahitaji daktari wa baridi yabisi mapema, na soli mpya za viatu hazitamsaidia.

Hoja ya mfupa ulioota

Tangu eksirei ilipoanza kutumika, madaktari wameona kijiba cha mfupa kinachochomoza chini ya kisigino. Kilielezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1900, na tangu hapo picha hiyo imekuwa na nguvu ya ushahidi machoni pa mgonjwa: mwiba unaonekana, na mahali panapouma ni papo hapo.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba kijiba hupatikana zaidi kwa wenye maumivu kuliko kwa wasio nayo. Udhaifu wake ni mkubwa zaidi. Watu wengi wazima wenye kijiba hawasikii chochote, na wengine wengi wanaoteseka hawana hata dalili yake. Zaidi ya hayo, mara nyingi kijiba hakimo ndani ya ukanda wa wayo; kimekaa juu yake, kwenye chanzo cha misuli midogo ya vidole, na ncha yake huelekea mbele badala ya chini. Hakimchomi mtu anapokanyaga. Hicho ni alama kwamba eneo hilo limevutwa kwa miaka, na maumivu yanapokwisha hubaki palepale. Kwa hiyo eksirei ina kazi yake pale daktari anaposhuku ufa, uvimbe au maambukizi. Kuitumia kumwonyesha mgonjwa adui wake ni kumwandaa kwa upasuaji asiouhitaji.

Hata wazo kwamba ukanda umepata uvimbe, ambalo ndilo lililoupa ugonjwa huu jina lake la kitabibu, limetikiswa. Mwaka 2003 mtafiti Harvey Lemont na wenzake walichunguza kwa hadubini sampuli za tishu kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa. Badala ya chembe za uvimbe waliona nyuzi zilizochakaa na kukatikakatika, kama kamba ya kisima iliyovutwa miaka mingi. Tofauti hii inagusa matibabu moja kwa moja: uvimbe hutulizwa kwa dawa, lakini nyuzi zilizochakaa hujengwa upya kwa mzigo unaoongezwa polepole.

Hoja ya maji ya Bonde la Ufa

Hii ni hoja ya mahali hapa, na haifai kudharauliwa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi kwenye maji ya visima, na visima kadhaa vya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha huvuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja madini hayo kwa makaa ya mifupa ya wanyama kwa miaka mingi. Floraidi ikizidi sana kwa muda mrefu hugandisha kano na kuotesha mifupa mahali kano zinapojishikiza, kisigino kikiwamo. Anayeunganisha maji na mfupa wa kisigino hajabuni kitu kisichowezekana.

Ila ngazi za hoja hiyo zinakatika katikati. Madhara ya floraidi kwenye mifupa huhitaji kiasi kikubwa na miaka mingi, na huonekana zaidi kwa ukakamavu wa mgongo, shingo na nyonga. Mtu ambaye anainama, anageuza shingo bila shida na anaumwa kisigino kimoja tu si mfano wa ugonjwa huo. Meno ya kahawia nayo si ushahidi wa kutosha: rangi hiyo hupatikana utotoni, jino likiwa bado linaundwa chini ya ufizi, na haisemi lolote kuhusu maji anayokunywa mtu leo akiwa na miaka 50. Tena kisigino huuma kwa mtindo uleule katika nchi ambazo maji yake hayana floraidi ya kutajika. Maji yanastahili kuchujwa kwa ajili ya watoto na meno yao, na ifahamike kwamba kuyachemsha hakuondoi floraidi. Mvuke hutoka na madini hubaki, hivyo kiwango huzidi. Lakini kumwacha mgonjwa asubiri nafuu kutoka kwenye chujio ni kumpotezea muda.

Viatu, miguu mitupu na mfano wa wanariadha

Bonde la Ufa limewapa watetezi wa miguu mitupu mfano wao mkuu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha vijana Wakalenjin waliozoea kukimbia bila viatu. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kwa njia hiyo waliepuka kishindo cha ghafla cha kisigino. Wengi walihitimisha haraka kwamba viatu ndivyo vinavyoharibu miguu.

Miaka mitatu baadaye, Kevin Hatala na wenzake waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia hukua bila viatu, na wakakuta kwamba katika mwendo wa kawaida wa mbio wengi hutua kwa kisigino. Mtindo wa kutua, basi, hutegemea kasi, ardhi na mazoea, na hauelezwi na viatu peke yake. Jambo la msingi zaidi ni kwamba hoja hii inamhusu mkimbiaji kijana aliyejenga misuli ya nyayo tangu utotoni juu ya udongo. Mhudumu wa hoteli mwenye miaka 48, anayesimama saa kumi kwenye vigae, hana misuli hiyo wala udongo huo. Akivua viatu kwa kufuata ushauri wa wanariadha, ataongeza mzigo juu ya ukanda uliokwisha kuchoka.

Kwa aliyekwisha kuumwa, kiatu kinachofaa kina soli isiyopindika kirahisi katikati, kisigino kilichoinuka kidogo na nafasi ya vidole. Kuinuka huko hulegeza kano ya nyuma na kwa njia hiyo hupunguza mvutano chini. Slipa bapa ndizo mbaya zaidi, na ndizo zinazovaliwa nyumbani asubuhi, saa ile ukanda umekaza kuliko wakati wowote. Akala zina soli imara lakini hazina mto wowote. Kiatu cha mitumba si kibaya kwa kuwa ni cha mitumba. Kibaya ni kile ambacho povu lake limekufa, jambo linalojulikana kwa kukibonyeza kwa kidole gumba na kukiangalia kwa nyuma kama kimelalia upande mmoja. Gambuti zinazovaliwa mashambani na kwenye mazizi zina kasoro ya kuwa bapa na nzito, na soli ya ndani ya bei nafuu huzirekebisha kwa kiasi.

Uzito wa mwili na saa za kusimama

Utafiti wa Daniel Riddle na wenzake wa mwaka 2003, uliolinganisha wagonjwa 50 na watu 100 wasio na maumivu, uliweka mambo matatu mbele. La kwanza na lenye nguvu kuliko yote lilikuwa kifundo kisichokunjika vizuri kuelekea juu, dalili ya shavu la mguu lililokaza. La pili lilikuwa unene: waliopita kipimo cha 30 cha uwiano wa uzito na urefu walikuwa katika hatari ya zaidi ya mara tano. La tatu lilikuwa kutumia sehemu kubwa ya siku ya kazi kwa miguu, kwa hatari ya zaidi ya mara tatu.

Mambo hayo matatu yakiwekwa juu ya ramani ya uchumi wa eneo hili, picha inaanza kueleweka. Mashamba ya maua ya Naivasha huajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wanaopanga na kufunga maua wakiwa wamesimama juu ya saruji. Wiki za kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao, kazi huongezeka na saa za ziada nazo huongezeka. Walinzi, walimu, wauguzi, wapishi, wauzaji sokoni na makanga wa matatu wako katika hali ileile. Uhamiaji wa mjini umebadilisha pia aina ya mwendo: aliyekulia Kuresoi akipanda na kushuka vilima kila siku, misuli ya shavu la mguu ikinyooka na kukaza kwa zamu, sasa husimama mahali pamoja kwenye sehemu tambarare. Kusimama tu kunachosha ukanda kuliko kutembea, kwa sababu hakuna wakati ambapo mzigo unaondoka. Hapa ndipo pia hoja ya baridi ya saruji inapopata sehemu yake ya ukweli: kinachoumiza kwenye sakafu hiyo ni ugumu wake, wala si baridi.

Njia za matibabu na bei ya kila moja

Njia ya kwanza ni kunyoosha. Utafiti wa Benedict DiGiovanni na wenzake wa 2003 ulionyesha kwamba kuunyoosha ukanda wenyewe kunasaidia kuliko kunyoosha shavu la mguu pekee. Mgonjwa hukaa kitandani kabla ya hatua ya kwanza, hupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, hushika vidole na kuvivuta kuelekea ugoko hadi upinde wa wayo ukaze, huhesabu hadi kumi, na kurudia mara kumi. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku. Hakuna gharama ya pesa. Gharama ni uvumilivu, maana nafuu huhesabiwa kwa wiki.

Njia ya pili, ambayo bado haijazoeleka, ni kuimarisha. Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark waliwaelekeza wagonjwa wasimame ukingoni mwa ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, kisha wapande kwa vidole kwa sekunde tatu, watulie juu kwa sekunde mbili na kushuka kwa sekunde tatu, siku moja wakifanya na inayofuata wakipumzika, wakiongeza mzigo kwa begi la mgongoni. Baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili yalikuwa yamekaribiana. Faida ya kuimarisha, basi, ni kufika mapema. Kasoro yake ni kwamba huuma kidogo mwanzoni, na asiyeambiwa hivyo huacha siku ya tatu.

Soli za ndani zina biashara yake, na hapa mnunuzi anaweza kuokoa pesa. Utafiti wa Karl Landorf na wenzake nchini Australia, uliochapishwa 2006, ulilinganisha soli zilizofinyangwa kwa kipimo cha mgonjwa, zilizo tayari dukani na za bandia. Za kupimwa hazikuzishinda zile za dukani, na baada ya mwaka tofauti zote zilikuwa zimefifia.

Vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa hutuliza usiku mmoja au miwili. Vikimezwa kwa miezi huchoma tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wenye shinikizo la damu. Kuviringisha wayo juu ya chupa ya maji ya barafu hutuliza bila madhara hayo. Kuloweka miguu katika maji moto na chumvi huleta raha ya muda, ila mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi huweza kuungua bila kujua, na jeraha la namna hiyo ni hatari kuliko maumivu aliyokuwa akiyatibu.

Sindano ya steroidi ndiyo yenye mvuto mkubwa kwa mtu anayetaka kurudi kazini Jumatatu. Utafiti wa Andrew McMillan na wenzake wa 2012 ulikuta kwamba inapunguza maumivu kwa takriban wiki nne. Kufikia wiki ya nane haikuonekana kuwa bora kuliko sindano isiyo na dawa. Kwa upande wa pili wa mizani, ripoti ya 1998 ya Acevedo na Beskin ilieleza wagonjwa 51 waliokatika ukanda wa wayo, na 44 kati yao walikuwa wamechomwa sindano hiyo. Pedi ya mafuta nayo huweza kunyauka, na haioti tena. Sindano moja kwa mtu aliyeshindwa kabisa kufanya mazoezi kwa sababu ya maumivu inaweza kutetewa. Ya tatu na ya nne haziwezi.

Mashine za mawimbi ya mshtuko zimewasaidia baadhi ya wagonjwa sugu, ingawa matokeo ya tafiti hayakubaliani na bei huwa juu. Upasuaji wa kukata sehemu ya ukanda huachiwa wachache ambao miezi mingi ya tiba nyingine imeshindwa, kwa sababu ukanda uliokatwa hauushiki tena upinde wa mguu sawasawa.

Mara nyingi wagonjwa huambiwa kwamba wanane au tisa kati ya kumi hupona ndani ya mwaka. Kauli hiyo ina matumaini kupita kiasi kwa waliofikishwa hospitali wakiwa na hali ngumu: utafiti wa Denmark wa 2018 uliowafuatilia wagonjwa wa aina hiyo ulikuta karibu nusu yao bado wana dalili baada ya miaka kumi. Anayeanza mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kutokuwa miongoni mwao.

Nani abebe gharama

Katika mizani, kijiba cha mfupa ni alama ya mvutano, floraidi huhusika kwa wachache wenye dalili nyingine za wazi, gauti ni nadra, na viatu huongeza au hupunguza mzigo ambao tayari upo. Chanzo chenye uzito ni mzigo unaozidi nguvu ya ukanda, na tiba yenye ushahidi bora ndiyo ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba tiba hiyo ya bei nafuu hudai kitu ambacho mfanyakazi wa kibarua hana: nafasi ya kukaa. Kumwambia apumzike ni kumwambia apoteze ujira. Kumwambia apunguze uzito, akiwa hawezi kutembea bila kuchechemea, ni kumwongezea lawama.

Kwa hiyo sehemu ya tiba iko mikononi mwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka aweke mahali pa kukaa panapowatosha wafanyakazi kutumia nafasi za kupumzika zinazojitokeza katika kazi yao. Mikeka ya mpira mbele ya meza za kupangia maua, kiti kirefu cha kuegemea, na zamu zinazombadilisha mtu kutoka kusimama hadi kukaa baada ya kila saa mbili si mambo ya gharama kubwa yakilinganishwa na siku za ugonjwa. Kudai fidia ni kugumu zaidi, kwa kuwa maumivu yanayoingia polepole hayana siku ya ajali ya kuandikwa kwenye fomu, na mwenye kisigino kinachouma huweza kuambiwa kwamba ni umri au unene wake.

Mgonjwa ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu kwa wiki sita hadi nane bila nafuu anafaa kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa mfano katika hospitali kuu ya rufaa na mafunzo ya kaunti, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH, kifupi cha jina lake la Kiingereza la enzi za mikoa. Wapo wasiopaswa kusubiri hata wiki moja: mwenye kisukari aliye na kidonda au ganzi, mwenye homa pamoja na kisigino chekundu chenye joto, aliyesikia mlio wa kukatika akashindwa kusimama kwa vidole, anayeumwa usiku hata akiwa amelala, na yeyote anayepungua uzito bila sababu.